Nyundo Alianzia Kwetu Pangani, Akaishia Lugalo kwa Wakwe Zangu

Mwaka wa 11 huu naishi Iringa, na miaka yote hiyo kila tukisafiri kwenda Dar mie Lugalo naipita nimelala. Yaani gari likishaacha Ipogolo tu usingizi unanibeba, nakuja kushtuka Ilula vijana wa nyanya wanagonga kioo. Mume wangu huwa anasema "hapa ndo wazee walimpiga Mjerumani", naitikia mmh, najigeuza upande wa pili. Sasa mwezi wa 8 huyu wangu wa kati, yuko darasa la 5, akaja na daftari lake, "Mama, Lugalo si ile hospitali ya Dar? Mkwawa alipigana hospitali?" Nilicheka mpaka machozi, ila swali lililofuata likaninyamazisha, akauliza kwa hiyo ilikuwaje, na mie sikuwa na kitu zaidi ya kile cha kukariri shuleni, mwaka na jina la Mkwawa, chifu wa Wahehe, basi.

Babu yao alikuwa sebuleni na redio yake. Akapunguza sauti akasema, "Jumamosi mnanipeleka." Hakuuliza kama tuna nafasi, alisema tu, na baba mkwe wangu akisema hivyo hakuna wa kuleta habari za ratiba.

Niseme ukweli, moyoni nilikuwa naona siku imekwisha. Mitoko ya wanangu nimeizoea, tunapanda jiwe la Gangilonga, tunapiga picha mji ukiwa chini, chipsi, nyumbani. Kwenda kuangalia mahali watu walipouana miaka zaidi ya 130 iliyopita, na watoto 3, wa mwisho ana miaka 5, nikajua saa moja tu wataanza "mama twende" na mie nitakuwa nimeshachoka kabla yao. Nikajihami kwa chakula. Chapati 20, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, chupa mbili za chai, maji, na masweta maana huku mwezi wa 8 asubuhi baridi inang'ata. Bibi yao alibaki, alisema yeye mambo ya kwenda kuangalia mafuvu hapana, mkirudi mtanisimulia.

Tuliazima Noah ya shemeji tukaondoka saa 2 asubuhi, babu kakaa mbele na koti lake la suti na kofia na fimbo, kama anaenda kikaoni. Na kitu cha kwanza tulichofanya ni kuupita mnara wa kumbukumbu wa Lugalo. Mume wangu, Mhehe kabisa, mtu ambaye miaka 11 ananiambia "hapa ndo penyewe", alikuwa anabishana na babu kuhusu mpira, tukaja kushtuka tumefika Ilula. Babu hakusema neno. Mie nikasema basi si vibaya, nikanunua nyanya sado moja na vitunguu, tukageuza. Kwa hiyo we ukitokea mjini kuelekea Morogoro, angalia taratibu, uko pembeni ya barabara kuu kabla hujafika Ilula, na usitegemee geti wala bendera.

Watoto wakashuka. Mkubwa akaangalia mnara, akaangalia barabara, malori ya Tunduma yanapita yanatikisa ardhi, akasema, "Ndo hii tu?"

Na mie nilikuwa nawaza hivyo hivyo jamani. Mnara, nyasi kavu, vichaka, vumbi. Hakuna picha kubwa ukutani, hakuna kibanda cha soda, hakuna mtu wa kukueleza. Kama tungekuwa peke yetu tungepiga selfii mbili na ndani ya dakika 10 tungekuwa kwenye gari.

Ila babu hakwenda kwenye mnara. Aliupita, akashuka pembeni kwenye nyasi na fimbo yake, akasimama akiangalia lile eneo, jinsi ardhi inavyopanda na kushuka na mawe na vichaka, akamwita mjukuu wa kati. "Unamwona mtu yeyote hapo?" Hapana. "Sawa. Nendeni mkalale." Akawaonyesha mahali, kama hatua 15 kutoka njia ya mbuzi inayopita hapo, akawaambia walale kifudifudi nyuma ya vichaka na nyasi, wasicheke, na asiinuke mtu mpaka apige fimbo kwenye jiwe. Halafu akatugeukia mie na mume wangu. Nyie ndio Wajerumani, rudini kule mje mnatembea kwenye hiyo njia, na mbebe mizigo. Mizigo gani? Akaonyesha kapu la chapati na dumu la maji.

Basi mie mtu mzima na kapu kichwani nikatembea Lugalo. Nakwambia nilikuwa najua kabisa wanangu wako wapi, niliwaona wanalala, na bado nilipofika pale sikuwaona. Sketi ya rangi ya chungwa ya mkubwa haikuonekana. Nilisikia upepo tu kwenye nyasi na lori linapanda mlima kwa gia ndogo. Babu akapiga fimbo kwenye jiwe na watoto 3 wakatoka ardhini wanapiga kelele, yule mdogo alinivaa miguuni nikadondosha kapu, mayai yakabiringika, na moyo ulinienda mbio kweli kweli, si mchezo. Mume wangu alikuwa bado anatafuta pa kuweka dumu.

"Hivyo hivyo," babu akasema. "Na wao walikuwa 3,000."

Hapo ndipo alipoanza kusimulia, amekaa kwenye jiwe, na watoto ambao nilikuwa naogopa watachoka walikuwa wamemzunguka midomo wazi. Tarehe 17 Agosti 1891. Msimu huu huu, nyasi hizi hizi kavu. Mkuu wa jeshi lote la Wajerumani huku kwetu, Emil von Zelewski, alikuwa anakuja na askari wapatao 320 na wapagazi wao na mizinga na bombomu, yaani bunduki za rashasha, na njiani alikuwa anachoma vijiji. Watu walimpa jina la Nyundo kwa ukali wake. Sasa hiyo mizinga na bombomu wanayoitegemea ilikuwa imefungwa juu ya punda. Wamenyoosha mstari mrefu mwembamba kwenye njia ya mguu, vichaka kulia na kushoto. Jeshi la Mkwawa limelala. Wapo wanaosimulia kwamba mzungu mmoja alifyatua risasi kumpiga ndege, Wahehe wakadhani ndo ishara wakainuka. Wengine wanasema ishara ilikuwa ya wao wenyewe. Babu yeye anapenda ya ndege. Iwe ipi, walikuwa karibu mno, bunduki unaipakia mara moja mkuki umeshafika, na mapigano yenyewe yale makali yanasemekana hayakuvuka robo saa. Wazungu 10 walikufa pale na askari wao zaidi ya 200, na bunduki karibu 300 zikabaki mikononi mwa Wahehe. Aliyepona na watu wake ni ofisa wa nyuma kabisa ya msafara, Tettenborn, alijishikiza kwenye kilima akakusanya waliosalia mpaka akaondoka nao.

Na Nyundo mwenyewe inasimuliwa aliuawa juu ya punda wake na kijana wa miaka 16, kwa mkuki. Mkwawa akamzawadia yule kijana ng'ombe 3.

"Watatu tu?" mkubwa wangu akauliza. Kwa hasira kabisa.

Babu akacheka mpaka kofia ikahama. "Wewe ulitaka wangapi?"

"Si alimuua bosi!"

Sasa hapa ndipo mie nilipoingia. Maana lile jina, Zelewski, sikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Miaka yote nimesoma Mkwawa, Lugalo, nimelipita bila kuliunganisha, ila babu alipolitamka taratibu na hilo la Nyundo juu, nikahisi kitu. Mie ni mtu wa Pangani. Kwetu mtoto unakua unasikia habari za Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, na kwamba vurugu zile za 1888 zilianza na mzungu mmoja wa ile kampuni ya Wajerumani iliyokodishiwa pwani na Sultani wa Zanzibar, mzungu aliyekuja Pangani akamdharau Liwali, mwakilishi wa Sultani, akataka bendera ya kampuni ipande, na wazee wanasimulia aliingia msikitini na mbwa. Kwetu hicho cha mbwa ndicho kilichobaki kichwani kuliko vitu vyote. Nikatoa simu hapo hapo nikampigia baba yangu.

"Shikamoo baba. Hivi yule mzungu wa msikitini alikuwa anaitwa nani vile?"

"Marahaba. Selewiski sijui, Zelewiski. Kwani vipi, uko wapi mbona upepo?"

"Niko Lugalo baba. Kumbe ndo huyo huyo waliyemuua huku!"

Akanyamaza kidogo, nikadhani simu imekata. Halafu akasema, "Mkweo yupo hapo? Mpe simu."

Nikampa. Wakasalimiana kamwene na shikamoo zikachanganyika, af nikamsikia babu anasema ndiyo, ndiyo, mkuki, ndiyo, hapa hapa nimesimama, karibu sana mkwe wangu, akarudisha simu. Nikamuuliza amesemaje. "Anashukuru," akasema, na akakaa kimya muda akitazama zile nyasi. Abushiri wetu walimnyonga Desemba 1889, hapo hapo Pangani. Miezi 20 baadaye Nyundo naye kalala huku bara, na nina hakika wazee wa kwetu habari iliwafikia, bandarini habari hufika hata kama haijaandikwa.

Kabla ya kuondoka tulirudi kwenye mnara maana wa kati alitaka kuandika kwenye daftari. Na hapa ndo likaja swali ambalo mie sikuwa nimelifikiria kabisa. Huu mnara kajenga nani? Wajerumani. Kwa ajili ya nani? Ya watu wao waliokufa. Akasimama na kalamu. "Kwa hiyo walioshindwa ndo wana mnara?"

Mume wangu akaanza kueleza kitu kirefu kuhusu ukoloni na historia kuandikwa na nani na nani, unajua baba akianza. Babu akamkata. "Wao walichukua mnara. Sisi tulichukua bunduki."

Lakini njiani nikawa nawaza, na wale wapagazi? Waliobeba, kama mie na kapu langu. Na hata wale askari wa Nyundo, wengi walikuwa Wasudani na watu waliochukuliwa kutoka Msumbiji, wameletwa kwa mshahara kufa kwenye vichaka wasivyovijua. Hao hakuna mjukuu wa kuja kukaa kwenye jiwe awasimulie. Ilinikaa tu kichwani, sikuisema kwenye gari, watoto walikuwa wanapigania mayai yaliyopona.

Tulirudi mpaka mjini tukapita moja kwa moja kushika barabara ya hifadhi ya Ruaha kwenda Kalenga, ilipokuwa ngome ya Mkwawa, haiko mbali, kilomita kama 15 tu. Boma la mjini lile la Wajerumani lililogeuzwa makumbusho hatukuingia siku hiyo, na ushauri wangu usijaribu kuyabeba yote kwa siku moja na watoto. Kuna wanaoongeza na Mlambalasi, kule Mkwawa alikofia na mwili wake ulikozikwa, ni mbele zaidi huko huko njia ya Ruaha. Sisi tulikuwa tumepanga, tukaacha, nitaeleza.

Kalenga ukifika usitegemee ngome imesimama kama ile ya Forodhani. Ni kijiji, watu wanaishi, mahindi yameshavunwa, kuku wanapita. Ila hapa ndipo palipokuwa makao makuu, Iringa yenyewe ya kwanza ni hapa, jina limetoka kwenye neno la Kihehe la ngome, lilinga. Ngome ya Mkwawa iliitwa Lipuli, na mwanangu aliposikia hivyo akaruka, "Kama Lipuli FC!" Babu akamwambia Lipuli FC kama hii, siyo hii kama Lipuli FC. Baada ya Lugalo Wajerumani walijipanga miaka 3. Mwishoni mwa Oktoba 1894 wakarudi wakiongozwa na gavana mwenyewe, von Schele, na mizinga safari hii haikufungwa juu ya punda. Ukuta ukavunjwa, ngome ikachukuliwa, Mkwawa mwenyewe akatoweka, na kwa miaka 4 mingine akawa anawasumbua porini huku watu wakimficha na kumlisha. Walitangaza rupia 5,000 kwa atakayemleta. Babu anapenda sana kuitaja hiyo rupia 5,000, na jinsi miezi ilivyokuwa inapita hakuna anayekwenda kuichukua. Mwisho ulikuwa tarehe 19 Julai 1898, amezingirwa, anaumwa, akajipiga risasi mwenyewe asishikwe. Wakamkata kichwa wakakipeleka Ujerumani.

Makumbusho ni kijumba kidogo tu, na aliyetupokea alikuwa kijana mpole, alisalimia kwa kamwene na babu akaitikia kwa sauti ya juu kuliko kawaida yake. Mikuki, ngao, vitu vya nyumbani, picha za ukoo. Watoto walikuwa wanagusagusa macho kila mahali wanauliza hiki nini hiki nini. Halafu tukafika kwenye kile kisanduku cha kioo.

Nilikuwa najua lipo. Kila mtu Iringa anajua fuvu la Mkwawa liko Kalenga, ni kama unavyojua bahari iko Pangani. Lakini kulijua na kusimama nalo uso kwa uso mbali. Babu alivua kofia. Alisimama pale, fimbo mkono mmoja na kofia mkono mwingine, hakusema kitu, na sisi wote tukajikuta tumenyamaza. Yule mdogo akanivuta sketi akaninong'oneza, kwa ule mnong'ono wa watoto ambao chumba kizima kinasikia, "Mama, mbona hawajamzika?"

Jamani. Sikuwa na jibu. Yule kijana wa makumbusho alichuchumaa akamwambia alikuwa mbali sana, tulimsubiri muda mrefu, sasa amekuja tunamwangalia. Mtoto akafikiri. "Na mwili wake unamsubiri?"

Hapo ndipo safari ya Mlambalasi ilipofia. Mie nilimwangalia mume wangu akanielewa. Sio kwamba ni vibaya kuwapeleka, wakubwa wawili wangefurahi, lakini huyu wa miaka 5 nilimwona kabisa anaanza kuunganisha kichwa hapa na mwili kule, na usiku ni mimi ninayelala naye. Kwa hiyo kama una mdogo mwenye maswali, mwambie mapema nyumbani kuna nini ndani, taratibu, kwa maneno yako. Mie sikumwambia, nililipa usiku ule saa 8.

Ila stori ya lile fuvu kurudi ni ndefu na tamu, yule kijana aliisimulia vizuri mno. Vita vya Kwanza vilipoisha, kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 kuna kifungu cha 246 kinachosema Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi 6. Kwenye kifungu hicho hicho, sentensi iliyotangulia, inatakiwa irudishe msahafu wa Sayyidna Uthman kwa mfalme wa Hijazi. Yaani wakubwa wa dunia wamekaa Ufaransa wanagawana mataifa, na katikati ya kurasa zote hizo kuna msahafu wa Madina na kichwa cha Mhehe. Nilisisimka mwili mzima. Miezi 6 ikawa miaka 35. Mpaka gavana wa Tanganyika, Twining, alipokwenda mwenyewe Bremen miaka ya 50, akakuta makumbusho ina mafuvu chungu nzima, wakachambua ya huku kwetu kwa kupima vipimo vya kichwa wakilinganisha na vya ndugu wa ukoo, wakapata moja lenye tundu la risasi. Juni 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wake, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Wapo wanaobisha kama kweli ni lenyewe. Nilitaka kuuliza, nikamwangalia babu na kofia yake mkononi, nikaona swali hilo halina haraka.

Tulikula nje chini ya mti, chapati zimeshakuwa baridi ila chai ya moto ikasaidia. Upande wa pili unaona kule Tosamaganga juu, na watu husema jina lenyewe ni "tupa mawe", watoto wakaanza kubishana jiwe linaweza kufika kutoka kule au haliwezi, wa kati akatupa moja likampata kuku wa watu, tukaomba radhi.

Ni hapo tukila ndipo babu alipomtaja Sakarani. Mmoja wa maofisa walioingia Kalenga mwaka ule wa 1894 alikuwa Tom von Prince, na ndiye aliyejenga boma jipya pale ulipo mji wa Iringa wa leo na ndiye aliyemwinda Mkwawa miaka yote ile. Watu walimwita Bwana Sakarani. Nikaacha chapati. "Sakarani ya Soni?" Babu hajui Soni. Nikamwambia baba, kule kwetu mkoa wa Tanga, milimani Usambara njia ya Lushoto, kuna mahali panaitwa Sakharani mpaka leo, wamisheni wapo, wanatengeneza mvinyo. Ndiyo shamba lake huyo! Alipoacha jeshi akahamia kule na mkewe kulima. Na kafa huko huko Tanga mjini, tarehe 4 Novemba 1914, ile vita ya nyuki.

Babu hakuijua vita ya nyuki. Mzee huyu anayejua kila jiwe la Lugalo, alikuwa hajawahi kusikia. Basi safari hii mie ndo nikawa msimuliaji na yeye na watoto wakawa wasikilizaji. Nikamweleza Waingereza walivyokuja na meli na askari wapatao 8,000 kutoka India, wakashukia upande wa Ras Kazone, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ana watu kama 1,000 tu, askari wengi wao weusi, na walivyoingia kwenye mashamba risasi zikapasua mizinga ya nyuki, nyuki wakatoka na hasira zao hawajui Mwingereza wala Mjerumani. Waliokimbia zaidi ni Waingereza. Wakapanda meli tena wakaacha bunduki na bombomu ufukweni. Ila Sakarani alikuwa ameshapigwa risasi, mjini kule, haoni ushindi.

Babu akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo wa kwenu tulimmaliza sisi. Na wa kwetu mkammaliza nyie."

"Siyo sisi baba, ni Waingereza na Wahindi."

"Walikuwa wapi?"

"Tanga."

"Basi ni nyie," akasema, akachukua yai. Mume wangu alicheka mpaka chai ikampalia, maana huu utani sasa umeshapata mguu mpya, watanitania nao mpaka kufa.

Mambo madogo madogo kwa anayetaka kwenda. Viatu vya kufunika vidole, mkubwa wangu alivaa sendozi na tulitoa miiba Lugalo kwa pini ya ushungi wangu. Pesa taslimu, usitegemee simu. Nenda asubuhi, mchana malori yanazidi na jua la Lugalo halina kivuli. Na kama una mzee yeyote wa kabila la mahali hapo, mbebe, hata kama si msomi, hata kama anachanganya ya ndege na ya ishara. Huna mzee, tafuta mtu wa pale kijijini umlipe chochote akutembeze.

Usiku bibi alikuwa anasubiri kusimuliwa. Wa kati alimweleza vita nzima akiwa amelala chini ya meza ya chakula kuonyesha jinsi ya kujificha. Mdogo alisema tu kichwa cha babu kipo kwenye kioo. Bibi akanikazia jicho.

Desemba tunakwenda Tanga, imeshapangwa, babu amesema naye yumo. Anataka kuona alipoangukia Sakarani, na anataka kukaa na baba yangu Pangani kwenye huo msikiti. Jana alinipigia simu kazini, nikashtuka nikadhani kuna mgonjwa, kumbe alikuwa anauliza kama wale nyuki bado wapo. Nimemwambia wapo, aje na koti lake.